Kasha la chuma la mchezo wa video

Kasha la chuma la mchezo wa video ni kifungashio cha bati jembamba la chuma kinachotumika badala ya kasha la kawaida la plastiki kuhifadhia diski au kadi ya mchezo wa video. Kwa kawaida huuzwa pamoja na toleo maalumu la mchezo, kwa idadi ndogo kuliko toleo la kawaida, na mara nyingi halitengenezwi tena likiisha madukani. Kwa sababu hiyo makasha haya yamekuwa vitu vya kukusanywa, kama ilivyo kwa stempu, sarafu au sahani za santuri.

Aina inayojulikana zaidi ni SteelBook, ambayo ni alama ya biashara ya kampuni ya Scanavo yenye asili ya Denmark. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba wakusanyaji wengi hulitumia kwa kasha lolote la chuma, hata likiwa limetengenezwa na kampuni nyingine.

Mwanzoni kasha la chuma lilikuwa chombo cha kulinda diski iliyomo ndani. Katika miaka ya 2020 baadhi ya makasha yameuzwa yakiwa matupu, huku mchezo wenyewe ukipakuliwa kupitia intaneti. Mabadiliko hayo yamezua mjadala kuhusu kitu ambacho mnunuzi anamiliki hasa, na kuhusu namna michezo ya video itakavyohifadhiwa kwa vizazi vijavyo.

Jina na maana

Katika Kiswahili chombo kidogo cha bati chenye kifuniko huitwa mkebe. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaufahamu mkebe wa hisabati, unaotunza bikari, rula na vifaa vingine vya jometri. Kasha la chuma la mchezo wa video ni la ukoo huohuo: ni bati lililokatwa, likapigwa chapa, likakunjwa na kuwekewa bawaba. Tofauti ni kwamba limeumbwa kama kitabu, lina jalada la mbele, jalada la nyuma na mgongo, ili lipangwe wima rafuni.

Ingawa huitwa la chuma, kasha si la chuma kitupu. Sehemu ya ndani inayoshika diski ni ya plastiki. Chuma ni ngozi ya nje tu.

Historia

Vifungashio vya bati kabla ya michezo

Matumizi ya bati kama kifungashio ni ya zamani. Mwaka 1810 Mwingereza Peter Durand alipewa hataza ya kuhifadhi chakula ndani ya vyombo, vikiwemo vya bati. Mwaka 1875 Robert Barclay wa Uingereza alipata hataza ya njia ya kuchapa picha moja kwa moja juu ya bati. Makopo ya biskuti, chai na tumbaku yalipambwa kwa picha za rangi. Watu wengi waliyatunza makopo hayo hata baada ya biskuti kwisha, wakayatumia kuwekea sindano, vifungo au barua. Tabia ya kutunza kifungashio kwa ajili ya uzuri wake ilikuwepo basi muda mrefu kabla ya michezo ya video.

Kutoka karatasi hadi plastiki

Katika miaka ya 1980 michezo mingi ya konsoli ilikuwa ndani ya katriji, na katriji iliuzwa ndani ya boksi la karatasi ngumu. Maboksi hayo yaliraruka na kutupwa kwa urahisi, ndiyo maana yaliyobaki mazima ni adimu leo. Baada ya diski kuchukua nafasi ya katriji, makasha ya plastiki yakawa ya kawaida. Konsoli za PlayStation 2 ya mwaka 2000 na Xbox ya mwaka 2001 zilitumia makasha ya plastiki yenye ukubwa uleule wa makasha ya filamu za DVD. Kwenye rafu ya duka yote yalifanana kwa umbo, na toleo lililovikwa chuma lilionekana mara moja.

Makasha ya kwanza yaliyopata umaarufu

Mchezo wa Halo 2 wa konsoli ya Xbox ulitolewa tarehe 9 Novemba 2004. Pamoja na toleo la kawaida kulikuwa na toleo la wakusanyaji ndani ya kasha la chuma, lenye diski ya pili ya DVD kuhusu jinsi mchezo ulivyotengenezwa. Mwaka 2005 mchezo wa Doom 3 nao ulitolewa kwa Xbox katika toleo lenye kasha la chuma. Toleo hilo liliongezewa michezo miwili ya zamani ya mfululizo huohuo.

Mwaka 2007 mchezo wa Halo 3 wa Xbox 360 ulitolewa katika ngazi tatu: toleo la kawaida, toleo lenye kasha la chuma, na toleo kubwa lililokuja na mfano wa kofia ya chuma ya mhusika mkuu. Mpangilio huo wa ngazi, ambapo kasha la chuma liko katikati ya toleo la bei nafuu na boksi kubwa la gharama, umetumiwa na wachapishaji wengi tangu wakati huo.

Mwaka 2009 kampuni ya Nintendo ilitoa Metroid Prime Trilogy kwa konsoli ya Wii. Huko Amerika Kaskazini diski hiyo moja yenye michezo mitatu iliuzwa ndani ya kasha la chuma.

Baadaye makasha ya chuma yakawa sehemu ya kawaida ya matoleo ya wakusanyaji. Miongoni mwa matoleo hayo ni The Witcher 3: Wild Hunt (2015), Cyberpunk 2077 (2020), Metroid Dread (2021) na The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom (2023).

Muundo na utengenezaji

Bati la vifungashio ni karatasi nyembamba ya chuma iliyopakwa tabaka jembamba zaidi la metali ya stani. Chuma hutoa ugumu, na stani huzuia kutu. Kwa kuwa msingi wake ni chuma, kasha la namna hii huvuta sumaku. Hii ni njia rahisi ya kulitofautisha na kasha la alumini au la plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Sumaku haidhuru diski, kwa sababu data ya diski husomwa kwa mwanga wa leza.

Kazi hufanyika kwa hatua zifuatazo:

1. Picha huchapwa kwenye bati likiwa bado bapa. Mchapaji anaweza kufunika chuma chote kwa rangi nyeupe kwanza, au kuacha sehemu nyingine wazi ili mng'ao wa metali uonekane kupitia rangi.
2. Vanishi hupakwa juu ya picha. Inaweza kuwa ya kung'aa, isiyong'aa, au mchanganyiko wa zote mbili katika picha moja.
3. Bati hukatwa na kugandamizwa kati ya vyuma viwili vyenye umbo. Hapa ndipo maandishi na michoro huinuliwa juu au kudidimizwa chini, hivi kwamba mtu huweza kuihisi kwa vidole.
4. Kingo hukunjwa ili zisikate mikono, kisha majalada huunganishwa na sehemu ya plastiki yenye vitovu vya kushikia diski.

Mara nyingi plastiki ya ndani huwa angavu, ili picha iliyochapwa upande wa ndani wa bati ionekane diski inapotolewa.

Ukubwa hufuata makasha ya plastiki ya wakati husika. Kasha la kawaida la DVD, lililotumika pia kwa Xbox 360, lina kimo cha takriban milimita 190. Makasha ya Blu-ray na ya PlayStation 3 na zilizofuata ni mafupi zaidi, takriban milimita 170. Kwa hiyo mkusanyo wa miaka mingi haulingani kimo rafuni.

Kasha la chuma lenyewe kwa kawaida halichapwi alama ya umri wa mchezaji wala msimbo wa bei. Alama hizo, kama zile za ESRB huko Amerika Kaskazini na PEGI huko Ulaya, huwekwa kwenye karatasi au kava la nje linaloweza kuondolewa. Picha ya kasha hubaki safi. Kwa wakusanyaji, karatasi hiyo ni sehemu ya kifaa kamili, na kasha lisilo nayo huhesabiwa kuwa na upungufu.

Ukusanyaji

Wakusanyaji hawafuati njia moja. Wengine hukusanya makasha yote ya mfululizo mmoja wa michezo, wengine ya konsoli moja, na wengine huchagua kwa uzuri wa picha bila kujali kama wanaupenda mchezo. Wapo wanaofungua na kucheza, na wapo wanaoacha kasha ndani ya plastiki ya kiwandani. Kasha lisilofunguliwa kwa kawaida huwa na bei ya juu, lakini mnunuzi wake hawezi kujua hali ya diski iliyo ndani.

Baadhi ya makasha hutolewa kwa nchi moja tu au kwa wateja wa duka moja walioagiza mchezo kabla ya kutolewa. Mengine hutolewa kama zawadi, yakiwa mbali na mchezo. Kwa hiyo mchezo mmoja unaweza kuwa na makasha kadhaa yenye picha tofauti, na mkusanyaji anayeyataka yote hulazimika kununua kutoka nchi za mbali.

Mambo yanayoamua thamani ni haya:

- Idadi iliyotengenezwa na kama limetengenezwa tena.
- Hali ya bati, hasa pembe na mgongo.
- Ukamilifu, yaani kuwepo kwa diski, kijitabu, karatasi ya nje na vitu vingine vilivyokuja nalo.
- Upatikanaji wa mchezo wenyewe kwa njia nyingine.

Jambo la mwisho linaonekana vizuri katika Metroid Prime Trilogy. Nakala mpya ziliacha kusambazwa Amerika Kaskazini mapema mwaka 2010, chini ya mwaka mmoja baada ya kutolewa, na bei ya nakala zilizotumika ikapanda juu ya bei ya awali ya dola 49.99 za Marekani. Mwaka 2015 Nintendo iliuza mchezo huo kama faili la kupakua kwenye konsoli ya Wii U. Tarehe 27 Machi 2023 duka la mtandaoni la Wii U liliacha kuuza, na aliyekuwa hajaununua akarudi kwenye soko la nakala za mitumba, ambako diski na kasha lake la chuma bado vinazunguka.

Tatizo la diski za Halo 3

Kasha gumu kwa nje si lazima lilinde kilicho ndani. Mfano unaojulikana zaidi ni toleo la Halo 3 lenye kasha la chuma. Vitovu vya ndani havikushika diski vizuri, na katika nakala nyingi diski ilichomoka wakati wa usafirishaji ikawa inatembea ndani ya kasha. Wanunuzi walifungua kasha jipya wakakuta diski ina mikwaruzo. Kampuni ya Microsoft ilikiri tatizo hilo na kuanzisha utaratibu wa kubadilisha diski zilizoharibika bila malipo.

Madhara ya mikwaruzo hutegemea aina ya diski. Diski za Xbox 360 ni za DVD, ambazo tabaka lake la data liko takriban milimita 0.6 chini ya uso. Katika Blu-ray tabaka hilo liko milimita 0.1 tu chini ya uso, ndiyo maana diski za Blu-ray hupakwa kinga ngumu. Katika aina zote mbili mkwaruzo mdogo unaweza kuvumiliwa na mfumo wa kurekebisha makosa, lakini mkwaruzo mrefu unaofuata mzunguko wa diski ni hatari zaidi kuliko ule unaotoka katikati kwenda ukingoni. Sababu ni kwamba huharibu data nyingi zinazofuatana.

Utunzaji

Maadui wakuu wa kasha la chuma ni mgongano, msuguano na unyevu.

Bati likigongwa hubonyea, na pembe ndizo huumia kwanza. Kulinyoosha ni vigumu, kwa sababu rangi na vanishi hupasuka bati linapokunjwa kwa mara ya pili. Nakala nyingi hubonyea njiani, kabla ya kumfikia mnunuzi, kwa kuwa hutumwa ndani ya bahasha laini badala ya boksi.

Msuguano hutokea makasha yanapobanwa pamoja rafuni na kuvutwa mara kwa mara. Wakusanyaji wengi huvisha kila kasha mfuko wa plastiki angavu. Makasha hupangwa wima bila kubanwa sana. Yakilazwa kwa rundo, la chini hubeba uzito wa yote.

Unyevu huleta kutu pale ambapo tabaka la stani limekwaruzwa na chuma kimebaki wazi. Mara nyingi kutu huanzia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye mikunjo. Hewa ya bahari yenye chumvi huharakisha jambo hilo. Kwa hiyo katika miji ya pwani kama Mombasa, Zanzibar au Muscat kasha huhitaji uangalizi zaidi kuliko katika miji ya bara yenye hewa kavu. Vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu, kama vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, husaidia ndani ya kabati lililofungwa, lakini vinapaswa kukaushwa au kubadilishwa vikishiba. Kasha hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, bila dawa kali ambazo zinaweza kuondoa vanishi.

Mwanga wa jua hufifisha rangi, hasa kwenye mgongo ambao ndio unaoelekea nje.

Makasha bandia na yasiyo rasmi

Kupanda kwa bei kumeleta makasha ya kughushi. Makasha halisi ya SteelBook kwa kawaida yana jina hilo kwa herufi ndogo, na kukosekana kwake ni dalili ya kuchunguza zaidi, ingawa si ushahidi kamili kwa kuwa zipo kampuni nyingine halali. Dalili nyingine ni picha yenye ukungu, rangi zisizolingana na nakala nyingine, maandishi bapa mahali palipopaswa kuinuliwa, na bawaba iliyolegea.

Yapo pia makasha yanayotengenezwa na mashabiki kwa michezo ambayo haikuwahi kupewa kasha la chuma. Haya si ya kughushi yakielezwa wazi kuwa si rasmi. Huwa udanganyifu pale muuzaji anapoyauza kama bidhaa ya mchapishaji.

Makasha matupu

Mnamo Novemba 2020 zilitolewa konsoli mbili zisizo na nafasi ya kuweka diski: Xbox Series S na toleo la kidijitali la PlayStation 5. Wachapishaji waliotaka kuuza toleo moja la wakusanyaji kwa wamiliki wa konsoli zote walianza kuacha diski na kuweka msimbo wa kupakua.

Mchezo wa God of War Ragnarök wa mwaka 2022 ni mfano mashuhuri. Toleo lake la wakusanyaji lilikuwa na boksi kubwa, mfano wa nyundo ya Mjölnir na kasha la SteelBook, lakini kasha hilo halikuwa na diski. Lilielezwa na muuzaji kuwa la maonyesho. Mwaka 2023 toleo kubwa la mchezo wa Starfield nalo lilikuja na kasha la chuma bila diski, na msimbo wa mchezo ukiwa umechongwa kwa leza kwenye kadi ya mapambo.

Mashabiki waligawanyika. Wanaoutetea utaratibu huu husema kwamba wachezaji wengi hupakua michezo yao hata hivyo, na kwamba kasha ni pambo linalojitosheleza, kama bango la ukutani. Wanaoupinga hujibu kwamba kasha liliundwa kushika kitu, na kwamba aliyelipa bei ya juu kuliko wote hupata haki ndogo kuliko mnunuzi wa toleo la kawaida. Mwenye diski anaweza kuiuza, kuiazima au kumrithisha mwanawe. Msimbo ukishatumika hubaki kwenye akaunti ya mtu mmoja.

Suala hilo limeingia hata katika sheria. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi wazi pale anapopewa leseni tu, na si umiliki.

Nafasi katika uhifadhi wa michezo

Utafiti wa shirika la Video Game History Foundation uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena kwa njia rasmi. Kwa michezo hiyo, nakala zilizomo mikononi mwa watu binafsi, maktaba na makumbusho zina uzito mkubwa. Mkusanyaji anayetunza diski ndani ya kasha safi na kavu husaidia kuuhifadhi mchezo, hata kama nia yake ilikuwa kupamba rafu.

Hata hivyo kuwepo kwa diski hakuhakikishi kwamba mchezo mzima umehifadhiwa. Michezo mingi ya sasa huhitaji masasisho makubwa kupitia intaneti tangu siku ya kwanza, na mingine haiendeshi kabisa bila seva za mchapishaji. Baadhi ya kadi za konsoli ya Nintendo Switch 2, iliyotolewa mwaka 2025, hubeba ufunguo wa kupakua tu na si mchezo wenyewe. Seva zikizimwa, diski au kadi ya namna hiyo hubaki kama kasha tupu.

Kwa sababu hiyo wakusanyaji makini, kabla ya kununua, huuliza maswali matatu: je, ndani kuna diski au msimbo, je, diski ina mchezo kamili, na je, mchezo unaweza kuanza bila intaneti? Mara nyingi majibu huwa kwenye karatasi ya nje au katika maelezo ya bidhaa.

Tazama pia

- Mchezo wa video
- Konsoli
- Diski ya Blu-ray
- Stani
- Kutu